Cicely Saunders: Pauni 500 zilizozaa tiba shufaa

Kabla ya Cicely Saunders, mgonjwa wa saratani aliyeshindikana kutibiwa alihesabiwa na madaktari wengi kuwa kazi iliyokwisha. Dawa ya maumivu alipewa akishalia, tena kwa kubaniwa, kwa hofu kuwa angekuwa mraibu. Mwingereza huyo alitumia zaidi ya nusu karne kubadili hali hiyo.

Saunders alizaliwa Barnet, kaskazini mwa London, Juni 22, 1918, katika familia yenye uwezo. Alianza masomo Oxford, lakini wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia akaenda kusomea uuguzi katika Hospitali ya St Thomas'. Mgongo ulipomsumbua aliacha kazi ya wodini, akawa afisa ustawi wa jamii hospitalini.

Katika kazi hiyo alikutana na David Tasma, Myahudi kutoka Poland aliyekuwa mhudumu wa mgahawa, akiugua saratani bila ndugu wa kumuuguza. Pamoja waliwaza mahali ambapo anayekaribia kufa angetulizwa maumivu na kusikilizwa. Tasma alifariki Februari 1948 na kumwachia Saunders pauni 500, ili awe dirisha katika nyumba hiyo. Nyumba yenyewe haikuwa hata na kiwanja.

Jioni Saunders alijitolea St Luke's, ambako wauguzi walitoa dawa kwa saa maalumu, kabla maumivu hayajarudi. Daktari mmoja wa upasuaji alimshauri kwamba akitaka kusikilizwa, asomee udaktari. Alianza akiwa na miaka 33, akafuzu mwaka 1957.

Hapo fedha za utafiti zikaleta tofauti. Mfuko wa hisani wa Sir Halley Stewart ulimpa ruzuku ya kuchunguza maumivu ya wagonjwa wasio na tumaini la kupona. Kuanzia 1958, katika St Joseph's, hospisi ya watawa wa Kikatoliki mashariki mwa London, alikusanya kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 1,000. Zilionyesha kuwa mofini ikinywewa kwa saa, kwa kipimo kinachomfaa mgonjwa, humtuliza bila kumgeuza mraibu. Huruma ikawa imepata ushahidi, na kwa ushahidi huo aliweza kubisha hodi kwa wafadhili.

Haba na haba hujaza kibaba. Mwaka 1967, miaka 19 baada ya Tasma kufariki, St Christopher's Hospice ilifunguliwa kusini mashariki mwa London, na dirisha la Tasma likiwemo. Tangu mwanzo tiba, mafunzo na utafiti vilikaa chini ya paa moja. Mwaka 1969 wauguzi wake walianza kuwafuata wagonjwa majumbani. Miaka ya 1970 Dkt Robert Twycross alithibitisha hapo kuwa mofini ya kunywa haipitwi na diamofini, dawa iliyotumika sana Uingereza lakini isiyopatikana katika nchi nyingi.

Mbegu hiyo ilifika Afrika Mashariki. Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990, na Hospice Africa Uganda mwaka 1993. Nchini Uganda mofini ya maji hutolewa bure kwa wagonjwa, na tangu 2004 wauguzi waliopata mafunzo maalumu wanaruhusiwa kuiandika. Kwa mfanyabiashara anayevuka mpaka na kumwacha mzazi mgonjwa kijijini, muuguzi wa namna hiyo aliye karibu ndiye tofauti kati ya usiku wa usingizi na usiku wa vilio.

Saunders aliolewa mwaka 1980 na mchoraji Marian Bohusz-Szyszko, naye Mpolandi. Mwaka 2001 St Christopher's ilipata Tuzo ya Hilton ya dola milioni moja za Marekani. Mwaka uliofuata, akiwa amevuka miaka 80, alishiriki kuanzisha mfuko wa kugharamia utafiti wa tiba shufaa, kwa kuwa alijua bado kuna maumivu ambayo dawa zilizopo haziyafikii.

Alifariki kwa saratani Julai 14, 2005, akiwa na miaka 87, katika St Christopher's aliyoiasisi. Mfuko wake unaendelea kugharamia utafiti.