DAKTA WILLIAMSON WA MWADUI

Hapa kwetu Bariadi, ambapo hadi mwaka 2012 palikuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga, jina la Mwadui si geni. Wazee wengi wa Usukuma walifanya kazi huko. Lakini yule aliyeuanzisha mgodi ule alikuwa mtu wa namna gani? Tumeona vema kuyaeleza maisha yake kwa kifupi.

John Thoburn Williamson alizaliwa tarehe 10 Februari 1907 huko Montfort, katika vilima vya Quebec, nchi ya Kanada. Vilima vile vilikaliwa na walowezi wengi kutoka Ayalandi. Katika karne ya 19 watu wa Ayalandi walivuka bahari kwa maelfu wakikimbia umaskini, na hasa njaa kuu iliyoanza mwaka 1845, viazi vilipooza mashambani. Huko Kanada walifyeka misitu, wakaanza upya.

Kijana Williamson aliingia Chuo Kikuu cha McGill akikusudia kusoma sheria. Likizo moja alikwenda Labrador pamoja na wapima miamba, na tangu hapo moyo wake ukageukia mawe. Alipata shahada ya udaktari mwaka 1933, kisha akaja Afrika. Mwaka 1935 alifika Tanganyika kufanya kazi katika mgodi mdogo wa almasi wa Mabuki. Wenye mgodi walipoona hauna faida, yeye aliununua, akaufanya kambi yake ya kutafutia. Miaka ikapita akitafuta kwa fedha kidogo, na wengine wakimwona anapoteza wakati. Mwaka 1940 akapata alichokitafuta: mwamba wa almasi wa Mwadui, wenye eneo la hekta 146, mmoja wa mikubwa kabisa duniani.

Mji ukaota porini, wenye nyumba, shule na hospitali. Mwaka 1947 ilipatikana almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5. Williamson alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth kwa arusi yake, yule aliyekuwa Malkia wa Uingereza hadi alipofariki mwaka 2022. Baada ya kukatwa ilibaki karati 23.6. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 aliacha kwa muda kuuza almasi zake, akaziweka akiba akidai bei bora.

Lakini saratani ya koo ilimjia. Alifariki tarehe 7 Januari 1958, umri wake miaka 50, bila mke wala mtoto. Kabla ya mwaka kwisha, nduguye alikwisha kuuza mgodi, nusu kwa kampuni ya De Beers na nusu kwa Serikali ya Tanganyika.

Ndugu zetu, tusimhukumu marehemu. Uvumilivu wake ni fundisho kwa kila mkulima wa pamba aliyevunjwa moyo na ukame. Hata hivyo tunamkumbuka yule tajiri wa Injili aliyepanga kujenga ghala kubwa zaidi, na usiku uleule roho yake ikatakwa. Almasi imo katika ardhi yetu, lakini si sisi tuliyoiweka humo. Basi kila tunachochimba, tunacholima na tunachofuga, tujiulize mapema kitamfaa nani tutakapokuwa tumeondoka. Mungu atupe hekima ya kujibu tungali hai.