Rais wa nchi ambayo haipo tena

Mwaka 1812, kijana wa miaka 19 huko Tennessee, Marekani, alikuwa na madeni madukani. Ili ayalipe akafungua darasa. Ada ilikuwa dola 8, na mzazi aliruhusiwa kulipa theluthi kwa mahindi, theluthi kwa kitambaa cha pamba, na theluthi iliyobaki ndiyo fedha taslimu. Sisi wa ualimu tunaosubiri bumu tutamwelewa. Jina lake Sam Houston, na baadaye alikuja kuwa rais wa nchi ambayo leo hauipati kwenye ramani kama nchi: Jamhuri ya Texas.

Alizaliwa Virginia mwaka 1793. Alipochoshwa na kazi ya duka alitoroka nyumbani, akaishi na Wacherokee, wenyeji wa ardhi ile, kwa takriban miaka 3. Akajua lugha yao, na chifu akamfanya mwanawe. Baadaye akawa askari, mbunge, na mwaka 1827 gavana wa Tennessee. Mwaka 1829 ndoa yake ikavunjika ndani ya wiki chache tu. Jamaa akajiuzulu ugavana, akarudi kwa Wacherokee, akanywa pombe kwelikweli.

Texas aliingia mwishoni mwa 1832, wakati huo ikiwa sehemu ya Meksiko. Walowezi kutoka Marekani walitangaza uhuru tarehe 2 Machi 1836, siku Houston alipotimiza miaka 43. Tarehe 21 Aprili, pale San Jacinto, akiwa jemadari wao, alilishinda jeshi la Santa Anna, rais wa Meksiko, kwa mapigano ya dakika kama 18. Kesho yake Santa Anna akakamatwa. Wengi walitaka anyongwe. Houston alikataa, maana akiwa hai angeweza kuamuru majeshi yake yaondoke. Septemba wakamchagua rais, kwa kura nyingi mno.

Sasa hapa ndipo nilipokwama. Meksiko ilikuwa imepiga marufuku utumwa mwaka 1829, ingawa Texas ilipewa msamaha. Katiba ya jamhuri mpya ikaulinda utumwa, na mtu mweusi aliye huru hakuruhusiwa kuishi pale bila kibali cha bunge. Houston mwenyewe alimiliki watumwa. Yaani uhuru ule, kwa watu wa rangi yangu, ulikuwa pingu.

Vyama havikuwepo, ulikuwa upande wa Houston au dhidi yake. Na ugomvi mkubwa ulihusu Wacherokee waliokuwa wamehamia mashariki mwa Texas. Februari 1836, kabla hata ya uhuru, Houston alisaini nao mkataba: watulie, wasiungane na Meksiko, na ardhi itakuwa yao. Walitulia. Desemba 1837 Seneti ikaufuta mkataba huo.

Katiba haikumruhusu rais kurudi mfululizo, hivyo Desemba 1838 akaingia Mirabeau Lamar, hasimu wake. Huyu ndiye aliyesukuma sheria ya kutenga ardhi kwa ajili ya shule na vyuo vikuu. Kwenye kozi zetu tungempigia makofi. Mwaka huohuo, 1839, jeshi lake likawafukuza Wacherokee. Chifu wao mzee, Bowles, akauawa kwa risasi karibu na mto Neches, na inasimuliwa kwamba alikuwa na upanga aliopewa na Houston.

Niliposoma hapo nilifunga kitabu. Mwaka wa pili nilikuwa mjumbe kwenye bunge la wanafunzi, tukafuta makubaliano ya viongozi waliotutangulia na mama lishe waliokuwa wanauza nyuma ya mabweni. Walikuja na karatasi iliyosainiwa. Hakuna aliyekufa, najua, si jambo la kulinganisha. Lakini mkono niliunyoosha, na mmoja wao alikuwa akinikopesha wali.

Houston alirudi madarakani Desemba 1841 akakuta deni la takriban dola milioni 7 na noti zisizo na thamani. Akabana matumizi, mshahara wake ukakatwa nusu, akafanya mikataba mipya ya amani na makabila. Mwisho wa 1845 Texas ikawa jimbo la Marekani na yeye akaenda Seneti.

Mwaka 1861, akiwa gavana wa Texas, jimbo lilijitenga na Marekani ili kuulinda utumwa. Alitakiwa kula kiapo kwa serikali mpya. Jina lake likaitwa, hakutokea, na Machi 16 akavuliwa ugavana. Rais Lincoln alikuwa tayari kumpa askari wa kumsaidia abaki. Akakataa, hakutaka damu.

Alifariki Huntsville tarehe 26 Julai 1863. Walipoorodhesha mali alizoacha, watumwa wake walikuwemo kwenye orodha.