Michael Faraday na Kikombe cha Zebaki



Jumamosi iliyopita, wakati wa mapumziko, mwanafunzi mmoja aliniuliza kwa nini baba yake hupaka grisi pale nyaya zinapofungwa kwenye betri ya gari, na grisi yenyewe haipitishi umeme. Nikamjibu kwamba waya ukikazwa sawasawa, chuma hugusa chuma na grisi husukumwa pembeni, ikabaki kuzuia hewa na unyevu visilete kutu. Hakuridhika. Akauliza kama hakuna kitu kinacholainisha na kupitisha umeme kwa pamoja. Kipo, na kilimsaidia sana mtu mmoja wa hapa hapa London.

Michael Faraday alizaliwa tarehe 22 Septemba 1791, kusini mwa mto Thames. Baba yake alikuwa mhunzi, tena mgonjwa mara kwa mara, na chakula nyumbani kilikuwa cha kuhesabu. Shule alisoma kidogo tu. Inasimuliwa kwamba alipokuwa mdogo hakuweza kutamka herufi r, mwalimu akaamuru achapwe, na mama yake akawatoa shuleni yeye na kaka yake. (Nimeiweka hadithi hii kwa ajili ya wanafunzi wangu wanaochekwa kwa sababu ya ng'ombe na ghala.)

Akiwa na miaka 14 aliingia kujifunza kazi ya kujalidi vitabu, miaka saba. Alivijalidi na kuvisoma. Mwaka 1812 mteja mmoja wa duka alimpa tiketi za kusikiliza mihadhara ya Humphry Davy, mwanakemia maarufu, katika Royal Institution. Faraday aliandika yote aliyoyasikia, akachora picha, akayajalidi, akampelekea Davy. Machi 1813 aliajiriwa pale kuwa msaidizi wa maabara.

Sasa tufike kwenye zebaki. Kufikia 1821 ilijulikana kwamba waya wenye umeme huusukuma mshale wa dira. Faraday alitaka waya wenyewe uzunguke sumaku bila kusimama. Shida ilikuwa ndogo lakini ngumu: umeme unatakiwa uingie upande mmoja na kutoka upande wa pili, na ncha ya waya inatembea. Ukiifunga, haizunguki. Ukiiacha ikwaruze chuma, nguvu ile ndogo inaishia kwenye msuguano. Ukiiinua, umeme unakatika.

Zebaki ni metali, lakini ni kimiminika kama maji. Mwezi Septemba aliisimamisha sumaku kwa nta ndani ya chombo, akamimina zebaki, akauning'iniza waya kutoka juu ncha yake ikizama kidogo tu. Alipounganisha betri, waya ukaanza kuizunguka sumaku. Hiyo ndiyo mota ya kwanza ya umeme. Akatengeneza nyingine ndogo za kutia mfukoni, akawatumia wanasayansi wa nchi nyingine wajionee.

Furaha yake iliingia doa upesi. William Wollaston, mtu mzima na mwenye heshima, alikuwa amejaribu jambo linalokaribiana na hilo, na Faraday alichapisha matokeo bila kumtaja. Watu wakanong'ona kwamba mtoto wa mhunzi ameiba. Davy, yule yule aliyemwajiri, alimtaka aliondoe jina lake alipopendekezwa kuingia Royal Society. Hakuliondoa. Alichaguliwa Januari 1824, kura moja tu ikimpinga.

Tarehe 28 Oktoba 1831 alizungusha sahani ya shaba kati ya ncha za sumaku kubwa, na umeme ukatoka. Ukingo wa sahani aliupaka zebaki, ili kipande cha metali kilichougusa kipokee umeme huku sahani ikiteleza. Baadaye mafundi walihamia kwenye brashi za kaboni, ndugu wa risasi ya penseli: inateleza, na umeme inapitisha. Fungueni mota ya mashine ya zamani ya kufyonza vumbi mtaziona.

Kama muuguzi, sehemu inayofuata huisoma taratibu. Karibu na mwaka 1840 Faraday alidhoofika: kichwa kizunguzungu, kumbukumbu kupotea, kazi akaiacha kwa muda mrefu. Wapo wanaoshuku mvuke wa zebaki, maana aliishi nao maabara miaka na miaka, na sumu yake huvuruga kumbukumbu. Haijathibitishwa. Alirudi kazini, lakini usahaulifu ulimfuata hadi uzeeni.

Alikataa cheo cha Sir, na urais wa Royal Society pia. Alifariki tarehe 25 Agosti 1867 huko Hampton Court, akazikwa Highgate.

Jumamosi ijayo tutakata penseli, tutaunganisha betri na taa ndogo, tuone kama itawaka. Mwenye kipimajoto cha zamani cha zebaki nyumbani, tafadhali asikilete darasani.