Kardinali Lavigerie: Mwalimu wa Historia Aliyetuma Wajumbe Tabora

Anayefika Tabora hata leo huiona miembe mikongwe, kumbukumbu ya nyakati za misafara. Kwa njia ile walipita wapagazi wenye pembe za ndovu mabegani, na watumwa waliofungwa minyororo, wakielekea pwani. Kwa njia hiyo hiyo, mwaka 1878, wakaja wamisionari Wakatoliki wa kwanza kufika Unyamwezi. Basi wazazi wengi huulizwa na watoto wao warudipo likizo kutoka shuleni: je, dini iliyokuja na msafara si mali ya wageni? Na tutajuaje kwamba ni ya kweli?

Swali hilo si dhambi. Mtoto aulizaye asikaripiwe, bali ajibiwe. Ili tupate kumjibu vema, tumkumbuke mtu aliyewatuma wamisionari hao, Kardinali Charles Lavigerie. Kabla ya kuwa askofu alikuwa mwalimu wa historia, na kazi ya mwanahistoria ni kupima ushahidi.

Alizaliwa tarehe 31 Oktoba 1825 karibu na mji wa Bayonne, kusini-magharibi ya Ufaransa, akapewa upadre mwaka 1849. Mwaka uliofuata alipata shahada ya udaktari kwa maandiko mawili: moja juu ya shule ya Kikristu ya Edessa, la pili juu ya Hegesipo, mwandishi wa karne ya pili. Hegesipo huyo alisafiri hadi Roma, akiyalinganisha mafundisho ya makanisa aliyoyapitia, na akatafuta jinsi maaskofu walivyofuatana tangu Mitume. Akakuta makanisa yaliyo mbalimbali yakifundisha imani moja. Wazee wetu barazani waijua hoja hii: mashahidi wakitoka vijiji tofauti, nao wakasema neno moja, maneno yao hayawezi kutupwa hivi hivi.

Tangu mwaka 1854 hadi 1861 Lavigerie alifundisha historia ya Kanisa katika chuo cha Sorbonne, Paris. Mwaka 1863 akawa Askofu wa Nancy, na mwaka 1867 Askofu Mkuu wa Algiers. Mwaka 1868 akaanzisha shirika la Mapadre Weupe. Huko Afrika ya Kaskazini mwalimu huyu akajikuta anatembea juu ya historia aliyokuwa akiifundisha. Mjini Kartago, mwaka 180, Wakristu wa Scilli walihukumiwa kufa kwa ajili ya imani yao. Hapo Tertuliano aliwatetea Wakristu kwa hoja mbele ya watawala wa Kirumi. Hapo Mtakatifu Sipriano aliuawa mwaka 258. Na huko Hippo Mtakatifu Augustino alikuwa askofu mpaka alipofariki mwaka 430.

Basi jibu la kwanza ndilo hili: imani yetu ilikuwa na wafiadini na walimu Waafrika karne nyingi kabla Ufaransa na Uingereza hazijawa mataifa. Tena, mahali kitu kilikotoka si kipimo cha ubora wake. Mwembe wenyewe asili yake ni Bara Hindi, wala hatujamwona mtoto wa Tabora akikataa embe kwa sababu hiyo.

Lakini mwenye kupenda ukweli hachagui ushahidi unaompendeza tu. Kanisa lile la Afrika ya Kaskazini lilififia hata karibu kutoweka. Historia hutaja mafarakano ya Wakristu wenyewe, na vita, na jinsi Kanisa lilivyosema Kilatini zaidi kuliko lugha za wenyeji. Tukiyasoma maagizo aliyowapa Lavigerie wamisionari wake, twaona kwamba hakutaka kosa hilo lirudiwe.

Mwezi wa Februari 1878 Baba Mtakatifu Leo XIII alimkabidhi misioni za Afrika ya Kati. Mwezi wa Juni msafara wa kwanza uliondoka Bagamoyo. Padre Pascal alifariki njiani kabla ya kuiona Tabora. Waliobaki wakagawanyika hapo Tabora: Padre Livinhac na Padre Lourdel pamoja na wenzao wakashika njia ya Nyanza, Padre Deniaud na wenzake wakaenda Ujiji. Mwaka 1881 Deniaud na Augier waliuawa huko Rumonge, katika ugomvi juu ya mtoto aliyekuwa amekombolewa utumwani.

Katika mizigo yao yalikuwamo maagizo mazito. Wajifunze lugha ya wenyeji, tena waisemeshane wao kwa wao. Wasiwageuze Waafrika kuwa Wazungu. Wala wasibatize kwa haraka: mafundisho yachukue miaka minne. Kwanza wafundishwe yale ambayo akili ya binadamu yaweza kuyafikia, yaani kwamba yuko Mungu Muumba, na kwamba mema na mabaya si kitu kimoja. Baadaye ndipo waingizwe katika mafumbo ya imani. Lavigerie aliitoa desturi hii katika Kanisa la kale. Akili kwanza ifungue mlango, ndipo imani iingie kama mgeni aliyekaribishwa, si kama mvamizi.

Matunda yalionekana upesi. Mwishoni mwa mwaka 1882 mapadre walilazimika kuondoka Buganda, wakakaa kusini ya Nyanza. Waliporudi mwaka 1885 walikuta waamini hawakutawanyika, bali wamefundishana wenyewe kwa wenyewe, na idadi yao imeongezeka. Muda mfupi baadaye wakaja wafiadini wa Uganda. Dini ya wageni tu ingewezaje kusimama wageni walipokuwa hawapo?

Hata hivyo, tusidai zaidi ya ushahidi tulio nao. Kufa kwa ajili ya neno hakuthibitishi peke yake kwamba neno hilo ni kweli, maana hata aliyekosea aweza kufa kwa moyo mnyofu. Lakini Mitume walikufa kwa kushuhudia jambo walilosema wameliona kwa macho yao. Hapo hoja yetu husimama: ama waliona, ama walidanganyika, ama walidanganya; na ni nani avumiliaye mateso kwa ajili ya uongo aliojitungia mwenyewe?

Tusifiche pia kwamba Lavigerie alikuwa mtu wa taifa lake, aliyeunga mkono utawala wa Ufaransa huko Tunisia. Lakini mjumbe ni mmoja, ujumbe ni mwingine. Tena mwaka 1888, akiwa tayari Kardinali, mzee na mgonjwa, alizunguka Paris, London na Brussels akiwaeleza watu habari za biashara ya watumwa, kwa kutumia taarifa walizomwandikia wamisionari wake. Alifariki Algiers tarehe 26 Novemba 1892.

Kipalapala, karibu na Tabora, wamisionari walilea watoto waliokombolewa, hata walipolazimika kupaacha mwaka 1889. Baadaye pakajengwa Seminari Kuu, na waseminari husomea hapo theolojia baada ya kumaliza falsafa. Utaratibu ni ule ule: akili kwanza, kisha mafumbo.

Basi, wazazi wapenzi, mtoto akiuliza tunajuaje, mpeni kiti aketi. Kama hamjui jibu, msimkemee: tafuteni pamoja naye. Ukweli hauogopi kuulizwa.