Askofu Steere na Lugha ya Sokoni

Mimi ni mwanafunzi wa darasa la mwisho, na umri wangu ni miaka kumi na tisa. Mwaka jana nilipoombwa kuandika katika kurasa hizi za Kiswahili nilikataa, nikasema sina nafasi. Nafasi nilikuwa nayo. Sababu ya kweli nitaieleza kwanza, maana bila hiyo hamtajua kwa nini nimechagua kuwasimulia maisha ya mtu aliyekufa zamani, tena Mwingereza.

Baba yangu ni mwuza sambaza. Wavuvi wa hapa Nyamyumba huingia katika Ziwa Kivu usiku pamoja na taa zao, na alfajiri baba hununua samaki kwao na kuwapeleka sokoni Gisenyi, ambako wanunuzi wengi hutoka ng'ambo ya mpaka, Goma. Kiswahili chake ni cha soko hilo. Hakuwahi kukisoma darasani, wala hajui habari za ngeli. Siku moja ya wazazi alikuja shuleni, akamwamkia mwalimu mmoja kwa Kiswahili chake. Wenzangu wakacheka, wakasema hiyo ni lugha ya wachuuzi. Na mimi nikacheka pamoja nao. Baba alinitazama, asiseme neno.

Baadaye mwalimu wetu wa Kiswahili alinipa kitabu nisome wakati wa likizo, chenye habari za Askofu Edward Steere wa Unguja. Nilikisoma kwa uvivu mwanzoni, lakini sikukiacha mpaka nilipokimaliza. Habari zake ni hizi.

Edward Steere alizaliwa London mwaka 1828. Alisoma katika Chuo Kikuu cha London, akajifunza sheria, na mwaka 1850 akakubaliwa kuwa wakili. Mbele yake palikuwa na kazi ya heshima na fedha. Lakini moyo wake haukukaa katika mashauri ya mahakama. Nafasi yake aliitumia kusoma maandiko ya askofu mmoja wa zamani, jina lake Joseph Butler.

Butler alizaliwa mwaka 1692, mtoto wa mwuza nguo, akapanda mpaka kuwa Askofu wa Durham. Alipokuwa bado kijana alihubiri London katika kanisa dogo la Rolls, ambalo wengi wa wasikilizaji wake walikuwa wanasheria, na mwaka 1726 alitoa kitabu chenye mahubiri kumi na matano. Anafundisha humo kwamba ndani ya mtu zimo tamaa nyingi, lakini juu ya hizo zote imewekwa dhamiri. Tamaa huweza kuishinda dhamiri kwa nguvu, kama waasi wanavyoweza kumshinda mfalme. Lakini hata ikishindwa, haki ya kutawala ni yake. Hubiri moja lahusu mtu kujidanganya mwenyewe: jinsi tulivyo wepesi kuona makosa ya wengine, na jinsi tunavyoyafunika yetu mpaka hatuyaoni tena. Mwaka 1736 alitoa kitabu kikubwa zaidi cha kuitetea dini kwa hoja. Alipokaribia kufa, mwaka 1752, aliagiza karatasi zake zilizobaki zichomwe moto.

Karibu miaka mia moja ikapita. Ndipo yule wakili kijana, Steere, akaanza kuyatafuta mabaki machache ya maandiko ya Butler yaliyosalimika, akayatoa mwaka 1853. Mwaka 1857 akakitengeneza upya kile kitabu kikubwa cha Butler, na mwaka 1862 akayatoa mahubiri yake pamoja na habari za maisha yake. Ni kazi ya uvumilivu kuyapima maneno ya mtu mwingine moja moja, ili yamfikie msomaji sawasawa. Nadhani Steere hakujua wakati ule kwamba alikuwa akifundishwa kazi nyingine iliyokuwa inamngoja mbali.

Wakati huo alikwisha kuacha uwakili. Alifanywa shemasi mwaka 1856 na kasisi mwaka 1858, akapewa parokia ndogo ya shamba iitwayo Little Steeping. Mwaka 1857 David Livingstone alikuwa amewasihi wasomi wa Cambridge wapeleke watu Afrika, na misioni ya vyuo vikuu ikaanzishwa. Askofu wake wa kwanza, Charles Mackenzie, alikufa mwaka 1862 baada ya muda mfupi tu barani. Badala yake aliwekwa William Tozer, rafiki wa Steere. Steere akakubali kufuatana naye, akidhani atakaa kitambo kidogo kisha arudi nyumbani. Waliondoka mwaka 1863. Walijaribu kwanza upande wa mto Zambezi, wakaona hapafai, na mwaka 1864 wakahamia Unguja.

Wanafunzi wao wa kwanza walikuwa wavulana watano. Watoto hao walikuwa watumwa waliokamatwa katika jahazi lililowachukua kinyume cha sheria, na Sultani Majid akawakabidhi kwa Askofu Tozer. Fikirini darasa lile. Walimu hawajui lugha ya wanafunzi, na wanafunzi wametolewa kwa wazazi wao, hawajui watatendwa nini.

Hapo ndipo naona ukubwa wa Steere. Mtu mwenye shahada za sheria, aliyezoea maandiko magumu ya Butler, alikaa chini na watu wa Unguja akauliza majina ya vitu, kama mtoto anayeanza kusema. Hakuwa Mzungu wa kwanza kujifunza Kiswahili. Krapf alikwisha kuandika sarufi yake Mombasa. Wala Kiswahili hakikuwa lugha isiyo na maandishi, maana Waswahili wenyewe walikuwa na tenzi zao za kale kwa herufi za Kiarabu. Lakini Steere alitaka kusikia jinsi watu wanavyosema kweli: sokoni, bandarini na nyumbani. Aliyoyasikia aliyaandika, kisha akawarudia wenyewe kuuliza kama amekosa. Wao ndio waliokuwa walimu wake, na bila wao asingalijua kitu.

Misioni ilikuwa na mtambo wa kupiga chapa, na wale vijana waliotoka utumwani wakafundishwa kupanga herufi. Kwa hiyo baadhi ya vitabu vya kwanza vya Kiswahili kupigwa chapa Unguja vilipita katika mikono ya watoto waliokuwa karibu kuuzwa kama bidhaa. Jambo hili lilinikalia moyoni kuliko mengi mengine niliyoyasoma.

Mwaka 1870, alipokuwa amerudi Uingereza kwa muda, Steere alitoa vitabu viwili. Kimoja ni cha sarufi na msamiati. Cha pili ni cha hadithi za Unguja, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Humo mna hadithi ya punda wa dobi, ya Sultani Darai, na habari za Liongo. Kasisi mwingine angaliweza kusema kwamba hadithi za sungura na nyani ni upuzi usiofaa kupotezewa wino. Steere alizipa heshima ileile ya kuandikwa kwa uangalifu aliyoyapa mahubiri ya Butler.

Mwaka 1872 alirudi Unguja. Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba na Waingereza wa kufunga masoko ya watumwa. Utumwa wenyewe haukwisha siku ile. Ulikomeshwa kwa sheria huko Unguja mwaka 1897. Lakini soko la Mkunazini lilifungwa, na misioni ikapata kiwanja hicho. Sehemu yake ilinunuliwa, na sehemu nyingine ilitolewa na Jairam Senji, tajiri wa Kihindi. Jiwe la msingi la kanisa liliwekwa siku ya Krismasi mwaka 1873. Mwaka uliofuata, baada ya Tozer kujiuzulu, Steere alifanywa askofu, akawa mwangalizi wa kazi ile yote.

Alisimamia ujenzi mwenyewe. Dari la kanisa alilitaka liwe la tao, la saruji na matumbawe yaliyopondwa, lisilo na boriti. Wengi walisema litaanguka. Halikuanguka, na lingali juu hata leo. Wageni huonyeshwa nguzo kadhaa zilizosimamishwa juu chini; yasimuliwa kwamba mafundi waliziweka hivyo wakati askofu hayupo, naye aliporudi akaziacha kama zilivyo. Ibada ya kwanza ilifanywa siku ya Krismasi. Yasemwa kwamba madhabahu ipo pale uliposimama mti waliofungwa watumwa wakipigwa mijeledi. Mahali watu walipotajwa bei, hapo Steere alihubiri kwa Kiswahili, lugha ileile iliyotumiwa na madalali.

Hakukaa kisiwani tu. Mwaka 1876 aliongoza kundi la watu waliokombolewa kutoka Lindi kwenda bara, wapate kurudi karibu na nchi walizotekwa. Walipofika Masasi waliona ardhi ni nzuri, wakajenga hapo, na mji huo upo mpaka leo. Mwaka 1879 mmoja wa wale wavulana watano wa kwanza, John Swedi, alifanywa shemasi.

Siku zote hizo aliendelea kufasiri Maandiko. Alikufa Unguja mwezi wa Agosti 1882, akiwa na umri wa miaka 54, akazikwa nyuma ya madhabahu ya kanisa alilolijenga. Agano Jipya lilikuwa limekwisha kufasiriwa. Biblia nzima ilitoka mwaka 1891, wengine wakiisha kuimaliza kazi. Na hapa mambo yakajirudia kwa namna ya ajabu. Kama yeye alivyokusanya mabaki ya Butler, rafiki yake R. M. Heanley alikusanya maandishi mafupi ya mahubiri yake Steere akayatoa kitabuni, na mwaka 1888 akatoa kitabu cha maisha yake.

Kazi yake ya lugha haikuzikwa naye. A. C. Madan wa misioni ileile aliiendeleza, akatunga kamusi. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 ulipochagua Kiswahili cha kufundishia shuleni katika Afrika ya Mashariki, ulichagua Kiunguja, ambacho Steere na wenziwe walikuwa wamekwisha kukiandikia vitabu. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukisanifisha. Sarufi tunayofundishwa darasani ilipita njia hiyo. Nasi katika Rwanda tumekipokea Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza.

Msinifahamu vibaya. Sisemi Steere hakuwa na kosa. Alikuwa mtu wa zamani zake, na katika fikira zake juu ya Waafrika yapo ambayo sisi leo tusingeyakubali. Lakini neno moja alilijua kuliko sisi tuliocheka siku ile: kwamba lugha ya wachuuzi, wapagazi na watoto waliotekwa yaweza kubeba jambo lolote kubwa, ikiwa mwenye kutaka kuijua atakubali kufundishwa na hao wachuuzi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Nami nilikumbuka lile hubiri la Butler juu ya mtu kujidanganya. Kwa miezi mingi nilijiambia kwamba sikumwonea haya baba yangu, kwamba nilicheka kwa sababu wenzangu walicheka. Huo ulikuwa uongo, na aliyedanganywa ni mimi mwenyewe. Ndiyo sababu mwaka jana sikutaka kuandika hapa. Niliogopa kuhesabiwa pamoja na watu wa sokoni.

Likizo ilipokaribia kwisha niliamka kabla ya mapambazuko, nikaenda na baba ufukoni kuwangoja wavuvi, kisha tukaenda Gisenyi. Nilichukua daftari. Nikamwuliza maneno ya kazi yake: majina ya vipimo, ya nyavu, ya samaki wabichi na waliokaushwa, na jinsi ya kukataa bei bila kumfukuza mnunuzi. Alinieleza moja moja, na niliposhika vibaya alinisahihisha kwa upole. Nilijaza kurasa sita, na mengi ya maneno hayo siyaoni katika kamusi ya shule. Tulipokuwa tukirudi nilimwomba radhi kwa siku ile. Akasema alikwisha kusahau, ingawa nilijua hajasahau.

Basi, ninyi mtakaobaki hapa baada yangu, kurasa hizi za Kiswahili msiziache tupu. Na wakubwa zetu mlioko Goma, Kigali, Bujumbura na kwingineko, tuleteeni maneno ya kazi zenu kama mnavyoyatumia. Daftari langu nitamwachia mwalimu wetu nitakapoondoka, na baada ya ile kurasa ya sita, zilizobaki zote bado ni nyeupe.