Van der Waals: mtoto wa seremala aliyenyimwa chuo, hesabu zake ziko visimani mpaka leo

Leo naomba tumzungumzie mzee mmoja wa Kiholanzi, Johannes Diderik van der Waals. Waliosoma kemia kidato cha tano na sita jina wanalijua. Tulikariri mlinganyo wake, tukafanya mtihani, basi. Maisha yake hakuna aliyetusimulia, na mimi naona utamu wote uko huko.

Alizaliwa Leiden tarehe 23 Novemba 1837, mtoto wa kwanza kati ya kumi. Baba yake alikuwa seremala. Enzi hizo mtoto wa fundi hapelekwi kwenye shule za Kilatini na Kigiriki, na bila lugha hizo mbili chuo kikuu husajiliwi, hata kama hesabu unazijua kuliko mwalimu wako. Kwa hiyo akiwa na miaka 15 shule ikaishia hapo, akaanza kazi kama mwalimu mwanafunzi shule ya msingi. Akawa anafanya mitihani ya ualimu mmoja baada ya mwingine, mpaka akapata sifa za kuwa mwalimu mkuu.

Mwaka 1862 akaanza kwenda Chuo Kikuu cha Leiden kusikiliza mihadhara. Chuo kilikuwa na utaratibu wa kuruhusu watu wa nje kuchukua hadi masomo manne kwa mwaka. Yaani kukaa darasani ruksa, shahada hupewi. Jamaa akakubali hivyo hivyo, akasoma hesabu, fizikia na elimu ya nyota. Mwaka 1865 akapata kazi ya kufundisha fizikia sekondari mjini Deventer, akamuoa Anna Magdalena Smit, na mwaka uliofuata wakahamia The Hague.

Ndipo sheria ikabadilishwa. Wanafunzi wa sayansi wakaondolewa sharti la Kilatini na Kigiriki. Mwalimu wetu akafanya mitihani iliyobaki, na tarehe 14 Juni 1873, akiwa na miaka 35, akapata udaktari.

Sasa kwenye ile tasnifu alisema nini? Kabla yake watu walipiga hesabu za gesi kana kwamba chembe zake hazina ukubwa na hazivutani. Yeye akaongeza vitu viwili tu: molekuli zina ukubwa, na zinavutana. Hapo hapo mlinganyo mmoja ukaeleza gesi na kimiminika kwa pamoja, kwamba si vitu viwili tofauti. Alijipima kwa vipimo vya Thomas Andrews wa Belfast, ambaye mwaka 1869 alitangaza kuwa kaboni dayoksaidi (gesi ya kwenye soda) ikipita nyuzijoto 31 hivi, ubane unavyobana haigeuki kimiminika. Dar mchana wa Februari joto linafika hapo na kupita. Mtungi wa kuzimia moto wa gesi hiyo ukikaa kwenye joto hilo, ndani hakuna maji chini na hewa juu. Kuna kitu kimoja tu, kizito kama kimiminika, chepesi kutiririka kama gesi.

James Clerk Maxwell, gwiji wa fizikia wa enzi hizo, akaisoma kazi hiyo na kuisifia. Mwaka 1877 yule aliyekuwa hasajiliwi akawa profesa wa fizikia Amsterdam. Lakini mwaka 1881 mkewe akafa kwa kifua kikuu, akimwachia watoto wanne. Mzee alivunjika moyo, karibu miaka kumi hakuchapisha kitu cha maana. Aliporudi, mwaka 1890, alikuja na nadharia ya michanganyiko: ukichanganya vitu viwili, lini vinakuwa kimoja na lini vinajitenga.

Hapo ndipo mafuta yanapoingia. Mafuta ghafi hayakai kwenye ziwa huko chini, yamenasa kwenye vitundu vya mawe kama maji kwenye sponji. Ukishavuta ya kwanza, mengi yanabaki. Kule Texas, Marekani, kwenye eneo la SACROC, mwaka 1972 walianza kusukuma kaboni dayoksaidi ardhini kwa kiwango kikubwa. Presha ikiwa ndogo, gesi inapita pembeni na kuyaacha mafuta yamekaa. Presha ikitosha, gesi inayeyuka ndani yake, mafuta yanavimba, yanakuwa mepesi, mwishowe vinakuwa kitu kimoja na kutoka. Presha hiyo ni ngapi? Inapimwa maabara na kupigiwa hesabu, na mlinganyo unaotumika sana ni wa Peng na Robinson wa mwaka 1976, ambao ni mjukuu wa ule wa 1873. Ukubwa na kuvutana, vile vile viwili.

Nadharia zake ndizo zilizowaongoza pia waliogeuza gesi ngumu kuwa vimiminika: James Dewar kwa haidrojeni mwaka 1898 na Kamerlingh Onnes kwa heliamu mwaka 1908. Mwaka 1910 akapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Alifariki Amsterdam tarehe 8 Machi 1923, akiwa na miaka 85.

Wengi wakisimulia habari kama hii wanamalizia kwa kuwaambia vijana jitumeni. Sawa, alijituma kweli. Lakini mimi naona tusiishie hapo. Alijituma miaka zaidi ya kumi na shahada hakupewa, mpaka wenye mamlaka walipoondoa sharti ambalo halikuhusiana kabisa na fizikia. Lingebaki, angestaafu mwalimu mzuri wa The Hague na sisi tusingemjua. Je, hapa kwetu ni masharti gani ya aina hiyo bado yapo, na ni akina nani yanawaacha nje?

Naomba kuwasilisha. Uwanja ni wenu wadau.