Ogino, munganga aliyehesabu siku kwa kurudi nyuma

Butembo na Beni wako wengi waliosikia neno Ogino kwenye masomo ao kwenye maandalizi ya ndoa, wakafikiri ni jina la kalenda tu. Kumbe ni jina la mtu. Kyusaku Ogino alizaliwa Toyohashi, Japani, mwaka 1882, katika familia ya Nakamura. Familia ya Ogino ndiyo ilimchukua kama mtoto wao. Alimaliza masomo ya uganga Tokyo mwaka 1909, na 1912 akaanza kazi kwenye lopitali ya Takeyama, mji wa Niigata.

Niigata ni eneo la wakulima wa mpunga. Siku zile mwanamke aliyekosa mtoto aliweza kurudishwa kwa wazazi wake, lawama yote juu yake, jambo ambalo halihitaji kuelezwa Lubero wala Beni. Ogino alitaka kusaidia wamama wa namna hiyo kupata mimba. Shida ni kwamba waganga hawakupatana yai la mwanamke linatoka siku gani. Basi aliwauliza wagonjwa wake tarehe za mwezi wao, moja kwa moja, kwa uvumilivu mwingi. Na alipompasua mama juu ya ugonjwa mwingine, aliangalia kwa macho yake kama yai limekwisha kutoka.

Mwaka 1924 alitoa jibu: yai linatoka kati ya siku 12 na 16 mbele ya mwezi unaofuata. Hapo ndipo watu wengi wanapotea mpaka leo. Wanahesabu kwenda mbele, siku ya 14 kwa kila mwanamke. Mama mwenye mzunguko wa siku 28, yai lake linatoka kama siku ya 13 mpaka 17. Mwenye siku 35, ni siku ya 20 mpaka 24. Huyu wa pili akiambiwa siku ya 21 haina hatari, anaweza kubeba mimba. Na yule anayetafuta mtoto anaweza kumukosa kwa hesabu ileile.

Mwaka 1929 Ogino alienda Ujerumani, na 1930 kazi yake ikachapwa kwa Kijerumani. Hermann Knaus wa Austria alikuwa amefika karibu na jibu lile kwa njia yake. Munganga Mkatoliki wa Uholanzi, Smulders, akaigeuza hesabu kuwa njia ya kuepuka mimba, na mwaka 1951 Papa Pius XII aliikubali wazi kwa watu wa ndoa. Ndivyo jina la Ogino lilivyozunguka dunia.

Mwenyewe hakufurahi. Aliona hesabu inakosea mara mingi, na kwa kuzuia mimba kuna njia zingine zenye nguvu zaidi. Alikuwa na haki. Mama anayenyonyesha, ao aliyekimbia vita kutoka Eringeti na kulala na njaa, mwezi wake unaweza kuchelewa bila kutoa habari. Hata mkufu wa shanga 32, ule unaoitwa collier du cycle, ni wa wenye mzunguko wa siku 26 mpaka 32 tu.

Ogino aliendelea kupasua wagonjwa wa kansa ya mlango wa kizazi, kazi iliyompa heshima kubwa kati ya waganga. Alikufa Niigata tarehe 1 Januari 1975, akiwa na miaka 92.